TUNAWACHEKA WAZEE WENYE TEZI DUME: NA MIMI NILICHEKA, MPAKA ZAMU YA BABU YANGU ILIPOFIKA

Najua mmezoea kuingia hapa kuchukua ubuyu, nani kaachana na nani, nani kakopa gari akasema kapewa zawadi. Leo ubuyu upo, ila mwisho wake sio wa kuchekesha. Vumilia ushuke nao mpaka chini.

Kuna klipu ilizunguka sana majuzi. Mzee mmoja wa kitambo kwenye burudani, jina silitaji na naomba msilitaje kwenye komenti, alikuwa amekaa meza ya mbele kwenye hafla. Ndani ya saa moja alinyanyuka mara nne kwenda chooni. Mara ya mwisho karudi, suruali mbele ina alama ya maji. Mtu kavuta kamera karibu, kaweka muziki juu yake, karusha. Komenti ndio usiseme. "Anavuna alichopanda." "Enzi zake alibadilisha wanawake kama nguo, mlidhani injini haichoki?" "Mzee, kidole kinakusubiri."

Na mimi niliirusha hapahapa. Niliweka vikatuni vinne vya kucheka mpaka machozi. Siku ile nilipata wasomaji wengi kuliko wiki nzima. Nalisema hili mapema usije ukadhani nimepanda mimbarini kuwahubiria. Niko kundi moja na nyie.

Sijui yule mzee anaumwa nini. Inaweza kuwa kisukari, inaweza kuwa maambukizi kwenye njia ya mkojo, inaweza kuwa alikunywa soda tatu. Daktari wake ndiye anajua. Lakini sisi wote tulishatoa hukumu: tezi dume, na kaitafuta mwenyewe. Hapo kwenye "kaitafuta mwenyewe" ndipo ninapotaka tugombane leo.

TEZI DUME SIO TUSI

Kila mwanaume anayo tezi dume, hata wewe uliyeandika komenti. Iko chini ya kibofu cha mkojo, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, basi.

Shida ni pale ilipokaa. Ikinenepa, inaubana ule mrija kama mtu aliyekanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Ndio maana mzee anasimama chooni anasubiri mkojo haufiki. Ukifika unakatikakatika. Akimaliza anahisi bado umebaki. Akilala anaamka tena, na tena, na tena.

Na hili halichagui malaya wala mchungaji. Wanaume wenye miaka ya 50, karibu nusu yao tezi zao zimeshaanza kunenepa. Wakifika miaka ya 80 ni kama 9 kati ya 10. Sio wote wanasumbuliwa, lakini kitu chenyewe kipo. Sasa niambie, wote hao walikuwa wakware?

KWANI HOMONI ZINAHUSIKAJE?

Hapa ndipo mtaani tumechanganyikiwa kabisa. Wengine wanasema mzee ana homoni za kiume nyingi mno, ndio maana tezi imevimba. Wengine wanasema zimemuishia, aongezewe. Wauza dawa wanakubali zote mbili, ilimradi utoe hela.

Ukweli uko hivi. Tezi dume inakua kwa kutegemea homoni za kiume. Sisi wa Katavi tunaishi na wafugaji, tunawajua maksai. Ng'ombe akihasiwa mapema, mambo yake ya kidume hayakui, na tezi dume haikui. Binadamu ni hivyohivyo: mwanaume aliyehasiwa kabla ya balehe hapati tatizo hili uzeeni.

Lakini inayofanya kazi kubwa ndani ya tezi sio testosteroni yenyewe. Kuna kimeng'enya kinaibadilisha testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, inaitwa DHT kwa kifupi. Hiyo DHT ndiyo inaiambia tezi iendelee kujenga. Mzee akizeeka testosteroni kwenye damu inashuka polepole, ila ndani ya tezi DHT inaendelea kuwepo. Wakati huohuo estrojeni, ambayo tunaiita homoni ya kike ingawa wanaume pia wanayo, haishuki kwa kasi ile. Uwiano unabadilika, na watafiti wengi wanaona hilo nalo linachangia. Kwa hiyo mzee mwenye tezi kubwa sio kwamba kazidiwa na homoni. Ni mwili wa kiume uliokaa na homoni zake miaka mingi. Ni uzee, kama mvi.

Stori ya namna walivyogundua hayo naipenda sana. Kwenye nchi ya Jamhuri ya Dominika kulikuwa na kijiji kinaitwa Salinas ambako watoto kadhaa walizaliwa wakaonekana wasichana, wakalelewa kisichana, halafu wakifika balehe wanageuka wanaume, sauti nzito, misuli. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake wakaandika sababu: watoto wale walikosa kile kimeng'enya cha kutengeneza DHT. Na kitu kingine kikaonekana, hata wakikua watu wazima tezi zao za kiume zinabaki ndogo. Kampuni ya Merck ikaliona hilo, ikatengeneza dawa ya kuzuia kimeng'enya kilekile. Inaitwa finasteride, iliruhusiwa Marekani mwaka 1992. Miaka mitano baadaye wakairuhusu kwa dozi ndogo itibu upara. Yaani tezi ya mzee na kipara cha kijana ni watoto wa homoni moja. Wewe mwenye kipara cha mbele unayemcheka mzee, pole.

SASA NIWAPELEKE KATUMBA

Wasiojua, Katumba iko huku kwetu Katavi, karibu na Mpanda. Wazee wetu waliingia hapa mwaka 1972 na kuendelea wakikimbia mauaji Burundi. Walipewa pori, wakalifyeka, wakalima mahindi, mihogo, tumbaku. Wengi baadaye wakapewa uraia. Mimi ni mjukuu wao.

Sasa piga hesabu. Kijana aliyevuka mpaka na miaka 20 mwaka 1972, leo kapita 70. Kizazi kizima cha waliofyeka pori hili kimeingia umri wa tezi dume kwa pamoja. Usiku ukitembea mitaa yetu utaona tochi zinatoka nyumba hadi vyoo vya nje, zinarudi, zinatoka tena. Tulikuwa tunasema wazee hawana usingizi. Hatukujiuliza kwa nini.

Babu yangu alikuwa mtu wa safari. Harusi Tabora yumo, msiba Mishamo yumo. Ghafla akaacha. Mwaliko ukija anasema miguu. Kanisani akahama benchi lake la mbele alilokaa miaka yote, akawa anakaa pembeni mwa mlango. Sisi tukasema babu kanuna. Bibi aliyekuwa anajua alikuwa ameshafariki, na babu hakuwa mtu wa kumwambia mwingine. Kumbe alikuwa anaogopa basi. Basi lisiposimama watu wachimbe dawa, yeye afanyeje? Akapunguza kunywa maji, midomo ikakauka, na kule chooni haikusaidia.

Mimi na babu tunataniana sana, si mnajua babu na mjukuu. Nikawa namwambia, "Babu, umepata mchumba huko nje usiku?" Anacheka. Nikaona poa. Leo najua alikuwa anacheka ili nisiulize swali la pili.

SEHEMU AMBAYO SIPENDI KUIANDIKA

Kipindi hicho blogu hii ilishaanza kupata watu. Jamaa mmoja akanifuata inboksi, ana unga wake, anataka nimtangazie. Tangazo likasema hivi: unarudisha homoni za kiume, unatibu tezi dume bila upasuaji wala kidole, siku 21 tu. Akanipa elfu 30. Nikaweka. Bando lenyewe nilikuwa nakopa, unadhani ningekataa?

Binamu yangu akamsomea babu. Mjukuu ameandika, kwa hiyo ni kweli. Babu akauza gunia la mahindi, akatuma hela, akaletewa unga. Alipomaliza wa kwanza akanunua wa pili. Miezi ikapita. Mimi sikujua chochote, nilikuwa mjini naposti mastaa.

Usiku mmoja babu alikuwa na mafua. Akanunua vidonge vya mafua dukani, akameza, akalala. Alipoamka mkojo haukutoka hata tone. Mpaka asubuhi tumbo la chini limejaa kama ngoma, jasho linamtoka, analia. Mimi sijawahi kumsikia babu analia. Kalipokea pori na simba wake, hakulia.

Baadaye daktari alitueleza kwamba baadhi ya dawa za mafua zinakaza misuli ya pale kwenye shingo ya kibofu, na nyingine zinakidhoofisha kibofu chenyewe. Kwa mzee ambaye njia yake imeshabanwa, kidonge cha mafua kinaweza kufunga mlango kabisa. Pombe nyingi nayo inaweza kufanya hivyohivyo. Hilo liandike mahali, litamsaidia baba yako.

Bodaboda ikambeba, mtu mmoja nyuma kamshikilia. Kituo cha kwanza tulichofika, mhudumu akatoka mlangoni akaita kwa sauti mbele ya foleni nzima, "Yule mzee wa tezi dume yuko wapi?" Watu wakacheka. Babu akainamisha kichwa. Vicheko vile vilikuwa vilevile vya kwenye klipu, ila sasa vilikuwa na uso.

Wakamuwekea mpira wa mkojo. Alipoanza kupata nafuu alinishika mkono akasema, "Mjukuu wangu, ule unga wako haukunisaidia." Hakusema kwa hasira. Ndio ilikuwa mara ya kwanza kujua kwamba alinunua.

Tulipofika hospitali kubwa vipimo vilionyesha figo zimeanza kuumia kwa sababu mkojo ulikuwa unarudi nyuma. Kama angekuja mapema, angeanza na vidonge tu. Akafanyiwa upasuaji, wanapitisha kifaa kwenye njia ileile ya mkojo, hawapasui tumbo. Babu yupo, anakunywa maji yake, karudi benchi la mbele. Figo tunazifuatilia. Ule muda aliokuwa anakunywa unga hakuna wa kuurudisha, na elfu 30 yangu nilishaila.

HUYO KIDOLE MNAYEMTANIA

Utani mkubwa wa tezi dume mitandaoni ni kidole. Ni kweli daktari anaweza kupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, kwa sababu tezi inapapasika pale. Kinaisha ndani ya muda mfupi kuliko muda wa kusoma komenti zako. Pia kuna kipimo cha damu, PSA, na ultrasaundi. PSA ikipanda haimaanishi moja kwa moja ni saratani, hata tezi iliyonenepa kawaida inaipandisha. Daktari anaunganisha vyote ndio anasema.

Naomba hapa tuelewane: kunenepa kwa tezi sio saratani, na hakugeuki kuwa saratani. Ni vitu viwili tofauti. Tatizo ni kwamba dalili zinaweza kufanana, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote. Ndio maana hupimi kwa kuangalia suruali ya mtu kwenye klipu.

Matibabu yapo. Kuna vidonge kama tamsulosin vinavyolegeza misuli ili mkojo upite. Kuna hiyo finasteride inayopunguza tezi yenyewe, ila inataka subira, miezi sita hivi ndio uone kazi yake, na mama mjamzito hatakiwi kushika vidonge vyake vilivyovunjika. Kuna upasuaji. Vyote anaandika daktari, sio mimi wala jamaa wa inboksi.

Najua kuna mtu atasema nadharau dawa zetu za asili. Hapana. Kuna mti unaitwa kitaalamu Prunus africana, unaota milima ya Afrika, Tanzania na Kenya ikiwemo. Wakikuyu wanauita mũiri. Magome yake Wazungu wamekuwa wakiyanunua toka miaka ya 1960 kutengeneza dawa ya tezi dume huko Ufaransa, mpaka mwaka 1995 ukawekwa kwenye orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake inadhibitiwa. Tafiti zilionyesha unapunguza dalili kiasi, ingawa zilikuwa ndogo na za muda mfupi. Kwa hiyo asili ina mchango. Ninachokataa ni unga usio na jina la aliyeutengeneza wala kilichomo ndani, unaoahidi kurudisha homoni na kutibu tezi kwa pigo moja. Hizo ahadi mbili zinagongana zenyewe: dawa ya finasteride inafanya kazi kwa kupunguza homoni ile, wewe unaniambia nitibu kwa kuiongeza?

Na likiwa ni saratani, hapo kuongeza homoni ni hatari zaidi. Charles Huggins wa Chicago alionyesha mwaka 1941 kwamba ukizishusha homoni za kiume saratani ya tezi dume inarudi nyuma. Mwaka 1966 akapewa Nobeli.

WAKUBWA WALIOSEMA, NA WALIOFICHA

Novemba 2014, Jakaya Kikwete akiwa bado Rais wetu, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Johns Hopkins, kule Baltimore. Yeye ilikuwa saratani, imegundulika mapema. Angeweza kusema nilikwenda kuchunguza afya, tungekubali. Alirudi akaeleza wazi na kuhimiza wanaume wapime. Watu wazima huku kwetu ndio mara ya kwanza walisikia neno tezi dume likitajwa redioni bila kicheko.

Mandela naye, mwaka 1985 akiwa mfungwa, alitolewa kwenda kufanyiwa upasuaji wa tezi iliyovimba hospitalini Cape Town. Waziri Kobie Coetsee akamtembelea palepale kitandani, na huko ndiko mazungumzo na serikali yalikoanza kuchipua. Hapo unaongea suruali imelowa?

Januari 2024 ikatupa somo la pande mbili. Mfalme Charles wa Uingereza alitangaza kwamba tezi yake imenenepa na anaenda kutibiwa. Ukurasa wa tezi dume wa huduma ya afya ya nchi yake ukafunguliwa zaidi ya mara 10 ya kawaida. Mwezi huohuo ikajulikana kwamba waziri wa ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, alikuwa amelazwa baada ya matibabu ya saratani ya tezi dume, na hakumwambia hata Rais wake. Mtu aliyekuwa anaongoza jeshi la Marekani, anaona aibu. Babu yangu wa Katumba angeanzia wapi?

Simdai yule mzee wa klipu atoke kutangaza. Mwili wake ni siri yake, asituambie lolote. Na sio kila mtu ana nauli ya Baltimore. Ila kunyamaza na kuacha kucheka havihitaji hata bando.

NINACHOSEMA

Ile klipu nimeifuta. Tangazo la unga nimelifuta, na mwenye unga mwingine asinifuate, hata kwa laki tatu. Nilimpigia yule jamaa kumwambia yaliyompata babu, akanijibu, "Hakumaliza dozi." Nikakata simu.

Wewe unayesoma, usiku huu mpigie baba, babu, au baba mdogo. Usianze na tezi dume, atakukatia. Muulize, "Usiku unaamka mara ngapi kwenda haja?" Akisema mara tatu, nne, muulize toka lini. Akicheka, usicheke naye. Uliza swali la pili. Mimi sikuuliza.

Utani wa babu na mjukuu ni mzuri kwa sababu babu naye anakujibu. Yule mzee kwenye klipu hakuwa na mahali pa kutujibu.

Komenti ziko wazi. Mwenye mzee aliyepitia haya atuambie alisaidikaje, asitaje jina. Atakayetaja jina la mzee wa klipu namfuta, hata kama ni mshikaji wangu.